Lugha ya Kwenda Nayo Oldonyo Sambu

Hili jambo nimelificha miaka mingi, na wale wanaolijua walinihurumia wakaacha kulitaja, ila kila ikitokea harusi kwenye ukoo wetu lazima mtu mmoja anitazame kisha atazame pembeni huku mabega yakimtikisika, basi nimechoka, nalisimulia mwenyewe ili tumalizane. Mimi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye cheti na miwani, nilitunga lugha. Sisemi nilitunga shairi au wimbo wa mahafali, nasema lugha, yenye sauti zake na sarufi yake, halafu nikaibeba nikaipeleka ukweni.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imejaa mjini, kila mwenye gari moja na kibao cha mbao anafungua kampuni ya utalii, na sisi walimu tunauza barafu darasani wakati wa mapumziko ili mwezi ufike mwisho. Tulikuwa tunakaa Ngarenaro. Mama alishafariki, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne, mimi, Baba, Shangazi Marta ambaye ni dada mkubwa wa Baba na ndiye aliyetulea, na mdogo wangu Yona. Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani mwaka ule, wakamwita ofisini asubuhi akarudi mchana na sanduku lake la vifaa, na tangu siku ile akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, anavaa, halafu anakaa kwenye kiti uani. Yona ndiye alikuwa na bahati, alipata udereva wa watalii, na katika kupita pita barabara ya Namanga akampata Naserian, binti wa Kiarusha wa Oldonyo Sambu, msichana mtulivu anayekutazama mpaka unajikuta umesema ukweli.

Tatizo ni kwamba kulikuwa na mwingine. Mfanyabiashara wa mawe wa Mererani, mwenye pikapu mpya, alikuwa ameshapeleka salamu nyumbani kwao mara mbili, na baba yake Naserian, Mzee Lemburis, alisema wazi kwamba atawasikiliza kwanza wale ambao binti yake aliwaahidi, yaani sisi, lakini hatasubiri mvua mbili. Baba akatuita uani akasema maneno machache, maana siku zile hakuwa msemaji: "Kazi imekwenda. Huyu mkwe asiende."

Basi tukaenda kuposa, safari ya kwanza, na huko ndiko tulikoumizwa. Kwa wenzetu Waarusha mazungumzo ya mahari ni ya kukaa. Wao wanakaa huku, nyinyi kule, wanataja jambo kwa Kiswahili ili mwelewe, nyinyi mnajibu, halafu wanageukiana na kulizungumza Kimaasai hapo hapo mbele yenu, bila haraka, mtu anavuta blanketi lake begani, anasema neno moja, mwingine anaguna, na wakiwarudia kwa Kiswahili jibu limeshaiva. Sisi hatukuwa na lugha ya kugeukiana. Baba ni Mnyaturu kwa jina tu, alichukuliwa Singida akiwa wa kubebwa mgongoni akakulia kwenye makambi ya mashamba ya kahawa, Shangazi alikuja mkubwa kidogo lakini alichobakiza ni salamu mbili na jina la mbuzi, na sisi watoto tulizaliwa na Kiswahili mdomoni. Kwa hiyo kila walipotaja jambo sisi tulilazimika kusimama, kuomba radhi, kutoka nje na kwenda kushauriana nyuma ya zizi, kwenye ule upepo wa Oldonyo Sambu usio na huruma, Shangazi ameshika kanga kwa mikono miwili, kisha tunarudi ndani tumejaa vumbi mpaka kope. Mara sita (nilihesabu). Mara ya sita bibi yake Naserian, ambaye wote wanamwita Koko, alitutazama tukiingia akasema, "Karibuni tena," na wajukuu wake wakainamisha vichwa wasicheke. Tena huyo Koko ndiye aliyekuwa akipandisha kila kitu, wanaume wakikubali ng'ombe, yeye anaguna, ng'ombe anaongezeka. Tukaambiwa turudi baada ya mwezi.

Jioni ile Baba hakula. Alisema tulionekana kama watoto wanaotoka nje kugawana sukari ya wizi. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano, nimechoka, na sijui ni kitu gani kilinipata, nikasema bila kuinua kichwa, "Baba, nitatunga lugha." Nilidhani atacheka. Baba akaniuliza, "Itachukua siku ngapi?"

Hapo ningesema natania, mambo yakaisha. Lakini nilimtazama mzee wangu, na kwa mara ya kwanza tangu wampunguze aliuliza swali la kesho, nikasema wiki mbili.

(Mtasema kwa nini tusitumie kinyume, kile cha kugeuza silabi. Kinyume kila mtoto wa shule anakijua, na kaka zake Naserian wote walisoma.)

Nikaanza na sauti. Nilitaka sauti ambazo mdomo wa Ngarenaro unaziweza lakini sikio lisizifananishe na Kiswahili, wala Kimaasai, wala Kichaga. Kwanza niliweka zile sauti za kudonoa ulimi nilizowahi kuzisikia kwa Wasandawe, nikajiona mtaalamu, ila Baba alikuwa hana meno mawili ya mbele na kila akijaribu anatoa mbinja, jirani akauliza kama tunamwita mbwa. Nikaziondoa. Nikaondoa r kwa sababu Shangazi haijui. Irabu nikaacha tatu tu, a, o na u, maana niligundua kwamba ukitamka e au i mdomo unapanuka unaonekana unatabasamu, na mtu hawezi kubishania ng'ombe huku anatabasamu. Kila neno nikalimalizia kwa konsonanti, likate kama shoka, liwe mbali kabisa na Kiswahili. Ng'ombe akawa zok. Kupunguza ikawa gob, kukataa dum, kukubali lan. Blanketi pom.

Sarufi ndiyo niliyoipenda kuliko vyote, na hapa nakiri kwamba nililewa. Kitenzi kinatangulia, mtendaji hatajwi (tulikuwa tunajijua), wingi ni kurudia neno mara mbili. Nilitaka kuweka na wakati uliopita, hata nilishauandalia kiambishi kizuri, Baba akauliza wakati uliopita wa nini wakati tunakwenda kuposa, nikaufuta. Wakati ujao nao Shangazi aliukataa, alisema hajui wa kwake atauweka wapi. Tukabaki na maneno kama sitini, yote ya kuongeza, kupunguza, kukataa, kungoja na kuinuka. Halafu siku moja, kwa uchovu na kiburi, nikaongeza neno nguz, maana yake kisiki, kwa ajili ya kumtaja Koko. Lugha nikaiita Kindani.

Nikawafundisha kila jioni kwa ubao wa kuazima shuleni. Nikawapa imla. Shangazi Marta, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa, alikuwa akiniomba ruhusa kwenda chooni. Yona alishika haraka kuliko wote, mpaka nikawa namsifia. Baba aliandika maneno yake kwenye karatasi ya pakiti ya sigara akawa anatembea nayo, namwona uani anatikisa midomo, anajiuliza na kujijibu, na siku aliyoniambia "Lan" baada ya kumuuliza kama nimpe chai, aliona fahari mpaka akasimama. Sijui kama mnaelewa. Kwa ajili ya siku ile moja ningeitunga tena, halafu nakumbuka yaliyofuata najirudi.

Siku ya safari ya pili tulifika saa nne asubuhi. Wametuandalia loshoro, yale mahindi yao ya maziwa mgando, tukakaa, wao huku sisi kule, Yona karibu na mlango kama inavyompasa mwoaji, kimya, na Naserian na wenzake jikoni. Mzee Lemburis akataja mahari kwa Kiswahili, wakageukiana kwa Kimaasai. Na sisi, bila kusimama, tukageukiana. Baba akavuta koti lake begani (nadhani aliiga blanketi), akasema kwa sauti ya taratibu, "Gob zok." Shangazi akaguna. Mimi nikasema, "Dum pom pom." Wale wazee wakageuka wakatutazama, na mimi nilihisi raha ambayo sijaihisi tena maishani, nawaambia ukweli, raha ya mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Hiyo ni lugha gani?" akauliza Mzee Lemburis kwa heshima.

Tulikuwa hatujaandaa jibu. Tulitunga sauti, tukatunga sarufi, tukasahau kwamba binadamu watauliza. Shangazi akajibu, "Kinyaturu. Kile cha ndani kabisa, cha zamani." Mzee akatikisa kichwa akasema ni vizuri, watu wengi wa mjini wametupa vya kwao. Baba akaangalia chini. Mimi nikaona hilo nalo limepita.

Tukaendelea, na tulifanikiwa, hicho ndicho kinachoniuma. Ng'ombe walishuka, mablanketi yakapangwa. Kila Koko alipofungua mdomo mmoja wetu alinong'ona "nguz," na sisi tukakaza nyuso. Koko mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda na ugoro wake, safari hii anaguna kidogo tu, nikamwambia Shangazi kwa Kindani kwamba kisiki kimeinuka, yaani kimetupisha njia. Baba naye alinogewa, akawa anasema hata yasiyohitajika, akiona kuku anasema gob, akipewa maziwa anasema dum, kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Kufika saa saba mambo yakakubalika. Yona pale mlangoni alikuwa anatoka jasho, nikadhani ni furaha.

Mzee Lemburis akasimama akasema kwamba kwao jambo likikubalika lazima libarikiwe na mkubwa wa kila upande, tena kwa lugha ya nyumbani kwake, Kiswahili ni cha ofisini na cha sokoni. Akamwingiza Naserian, naye akapiga magoti katikati na Yona kando yake. Koko akabariki kwa Kimaasai, polepole, wote wakiitikia, akawapaka maziwa kidogo kwenye paji la uso. Kisha Mzee akamgeukia Shangazi Marta kwa heshima zote, mkubwa wa upande wetu. Majirani walikuwa wameshaanza kuingia, wamama wa kwaya, vijana wa ng'ombe wakichungulia dirishani, labda watu sitini.

Shangazi akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Kindani kilikuwa na neno la ng'ombe na neno la blanketi, hakikuwa na Mungu, hakikuwa na amani, watoto wala nyumba. Hayo sikuyatunga, nani angeyahitaji. Nikafikiri, atasema tu kwamba amesahau, atakohoa, ataomba maji. Lakini Shangazi ni mtu wa kanisani, ukimwambia asimame aombe atasimama aombe. Akafumba macho, akanyoosha mikono juu ya vichwa vya wale watoto, akaanza kwa sauti ya kutetemeka, sauti nzuri kweli ya maombi, "Gob zok. Gob zok zok. Dum nguz. Lan pom, lan pom. Dum nguz, dum nguz." Na kila alipotua, ukumbi mzima ulijibu kwa unyenyekevu, "Amina."

Alipomaliza mama mmoja wa kwaya alikuwa anafuta machozi. Mzee Lemburis akasema maneno yale ni mazito, anaomba wafasiriwe, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nifasiri. Nikasimama. Nikasema, "Anasema Mungu awape ng'ombe. Awape ng'ombe wengi. Awafunike kama blanketi linavyofunika. Na kila kisiki kilicho njiani, akiondoe." Wakasema tena amina, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona hodari.

Koko akatoa ugoro kwenye kiganja, akaupanga vizuri kwenye kopo lake, akafunga kifuniko. Halafu akasema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, umefasiri vibaya."

Yule mama wa kwaya akaacha kufuta machozi.

"Amesema, punguza ng'ombe. Punguza ng'ombe wote. Kataa kisiki. Kubali blanketi, kubali blanketi. Kataa kisiki, kataa kisiki." Akaliweka lile kopo chini. "Na kisiki ni mimi." Kisha akarudia yote kwa Kimaasai kwa ajili ya wale ambao Kiswahili chao ni kidogo, neno kwa neno, na aliporudia lile la kisiki alijionyesha kwa kidole kifuani.

Mambo yalikuwa hivi. Yona, katika safari zake za mbugani, alikuwa akimwandikia Naserian barua, na kwa mapenzi yake akamfundisha Kindani, akamwambia ni siri ya nyumbani kwetu. Barua nzima wakati mwingine ilikuwa lan, lan, lan. Naserian alikuwa akilala nyumba moja na bibi yake, kama mabinti wa kwao wanavyolala, na usiku alikuwa akiyakariri yale maneno kitandani, na Koko ambaye alikuwa na Kimaasai, Kimeru na Kiswahili kichwani tangu ujana, alihitaji wiki moja tu. Baba alihitaji mwezi na pakiti ya sigara. Yona alijua kwamba Naserian anajua. Ya Koko hakuyajua, ila pale mlangoni alikuwa ameshaanza kumwona bibi akitikisa kichwa mahali panapostahili, ndiyo maana ya lile jasho.

Wazee wa upande wao wakaanza kuokota fimbo zao. Hakuna aliyepiga kelele, na ndivyo ilivyokuwa vibaya. Mzee Lemburis alimwambia Yona ainuke, amwache binti, na akasema kwa Baba, "Nilisema vizuri kuhusu kabila lako. Binti yetu haendi kwa watu wanaojificha." Naserian alibaki amepiga magoti peke yake, maziwa yanamkaukia usoni, na Shangazi amekaa chini kabisa, kwenye sakafu, amejifunika kanga kichwa kizima.

Mimi nilitaka kusema kwamba ni kosa langu, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu cha lugha yoyote. Aliyesimama ni Baba. Akavua kofia. Alisema kwa kile Kiswahili chake cha kiwandani, polepole, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile, wala hakuyasema tena.

"Mimi Kinyaturu sikijui. Nilibebwa nikaletwa mashambani, baba yangu akafa, mama akawa anasema na watu wa makabila kumi, akatulea kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa kinapata chakula. Sina kingine. Mwezi uliopita niliposimama kule nje na wanangu niliona aibu. Kazi wameninyang'anya, nikaona hata pa kunong'ona sina. Ndiyo maana tukafanya huu upuuzi. Mama, nimekutukana nyumbani kwako, kwa lugha isiyo ya mtu. Naomba msamaha."

Koko alimtazama. Akauliza, "Na wewe uliona nini kibaya na Kiswahili chako?" Basi Koko akatoa hukumu, na hakuna mwanaume aliyempinga. Faini ya kondoo mmoja na blanketi jekundu, kwa sababu ya kisiki. Ng'ombe warudi wale wa mwanzo. Na kuanzia pale mpaka tutakapoondoka, hakuna atakayezungumza pembeni, si sisi, si wao, kila neno lisemwe kwa Kiswahili wote wasikie.

Tukaanza upya. Ilichukua mpaka jua linazama, maana watu walikuwa wazito, na kaka yake mkubwa Naserian, kijana mmoja mkali, akasema kama ni ukweli basi na wao waseme waliyokuwa wanayasema. Nikajiandaa kutukanwa, nikaona haki yangu. Akasema, "Mara ya kwanza leo tuliulizana kwa nini huyu mzee hali. Tukasema labda anaumwa, labda maziwa yanamdhuru, apikiwe ugali laini. Mara ya pili tukasema tusimkazie, inaonekana mwaka huu umempiga." Akafikiri. "Na tukasema yule shangazi anakula sana."

Shangazi alicheka chini ya kanga, kilio na kicheko havitenganishiki. Baba alikaa, akavaa kofia, akaivua tena. Ugali uliletwa kweli, laini, na akala.

Harusi ilifungwa, msiulize, na MC alilisema lile jambo kwenye kipaza sauti mbele ya mwalimu mkuu wangu na wazazi wa wanafunzi wangu, na wiki nzima darasa la tano walinisalimia, "Shikamoo Mwalimu, gob zok." Niliomba uhamisho nikanyimwa. Baba ameshatutoka. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akipanda Oldonyo Sambu kila Jumapili kukaa na Koko, wanazungumza Kiswahili, na sikuwahi kwenda naye kusikiliza kwa sababu mpaka leo yule bibi akinitazama najikuta nimesimama kama niko mbele ya mkaguzi.

Ule ubao niliurudisha shuleni nimeufuta kwa maji mara tatu. Nimeapa, sitatunga tena hata jina la paka. Nikiwa na neno kuhusu mtu nalisema kwa Kiswahili, akiwa amekaa hapo hapo ananisikia, na kama siwezi, nanyamaza. Siku hizi nanyamaza sana.